Mpira wa mafuta wa pikipiki ya zamani: jinsi ya kuubadilisha mwenyewe

Maswali kuhusu mpira wa mafuta ni yale yale kila wiki. Umepasuka kidogo, nifunge na kipande cha tyubu? Ule mweupe unaoonyesha petroli ndani unafaa? Nimebadilisha jana, leo pikipiki inazima kila nikikaribia Ubungo, shida ni nini? Nimeyapanga majibu kwa kufuata kazi yenyewe, hatua moja baada ya nyingine, ili anayeanza aweze kushika wembe na plaizi akaifanya bila kubahatisha.

Swali la kwanza nalijibu hapa hapa. Mpira unaovuja haufungwi, unabadilishwa. Tyubu ya baiskeli haipatani na petroli: inavimba, inalegea, na mafuta yanaendelea kuvuja chini yake bila wewe kuona. Tena kumbuka mpira huo umekaa wapi. Uko chini ya tanki, juu ya injini ya moto, katikati ya mapaja yako, na nyuma yako kuna abiria, pengine mama mwenye mtoto mgongoni. Mpira mpya na klipu zake ni hela ndogo kuliko ya kujaza tanki mara moja. Kwa hela hiyo hakuna sababu ya kumpakia mtu kwenye hatari.

Maelezo haya ni ya pikipiki za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), zile ambazo petroli inashuka kwa uzito wake tu kutoka kwenye tanki: Honda CG125 na zile za Kichina zilizotengenezwa kwa mfano wake, Boxer za zamani, TVS Star, Yamaha AG100 na nyingine za aina hiyo. Kama yako ni ya injeksheni, yenye pampu ya umeme, usiyafuate. Kule mafuta yanasukumwa kwa presha kubwa, na mpira wake pamoja na vifungio vyake ni vya aina nyingine kabisa.

Utajuaje mpira umechoka

Joto la Dar linaumaliza mpira mapema. Pikipiki inashinda juani kijiweni, injini nayo inaupasha kutoka chini, na ukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela hakuna upepo wa kuupoza. Mpira unakauka, unakuwa mgumu, kisha unapasuka. Mara nyingi unaanzia mwishoni, pale ulipovishwa kwenye mdomo wa koki (ile ya kufungia na kufungulia mafuta chini ya tanki) au wa kabureta, kwa sababu hapo umetanuliwa muda wote.

Ukague injini ikiwa imepoa. Ushike karibu na klipu, uukunje taratibu, utazame upande wa nje wa kona. Mpira mzima unakunjika bila shida na ngozi yake haina alama. Uliochoka unaonyesha nyufa nyembamba nyingi kama magaga ya kisigino, na ukiubonyeza kwa kucha hauingii, au unaingia na alama inabaki. Angalia na vumbi. Pikipiki ya hapa haikosi vumbi, na pale petroli inapochuruzika kidogo kidogo vumbi linashika likaacha doa jeusi, au mstari wa kahawia ubavuni mwa kabureta. Petroli inakauka upesi, kwa hiyo usisubiri kuona tone. Doa linatosha.

Harufu nayo usiipuuze. Ukiingia asubuhi mahali pikipiki ilipolala ukakutana na harufu ya petroli, usiiwashe mpaka ujue inatoka wapi.

Ukiona ufa mmoja, hesabu mpira wote umekwisha. Usikate ule mwisho mbovu ukaurudisha uliobaki, maana sehemu iliyobaki ina umri ule ule. Na kama pikipiki umeinunua mkononi na hujui mpira una miaka mingapi, ubadilishe tu hata kama unaonekana mzima.

Andaa hivi kabla hujagusa kitu

- Mpira wa petroli. Kwa pikipiki nyingi ndogo nusu mita inatosha na kubaki.
- Klipu mbili za saizi ya mpira wako. Kama utaweka filta, ziwe nne.
- Filta ndogo ya petroli, kama pikipiki yako ilikuwa nayo.
- Wembe mpya.
- Plaizi ya mdomo mrefu, bisibisi, na spana namba 10, 12 na 14 endapo itabidi utoe siti na tanki.
- Dumu la mafuta lenye mfuniko wake.
- Matambara safi na karatasi za tishu.
- Maji ya moto kwenye chupa ya chai.
- Ndoo ya mchanga mkavu. Kama una kizima moto cha unga, kiweke karibu.

Kwenye mpira ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Ukubwa unaohesabiwa ni wa tundu la ndani. Pikipiki ndogo nyingi zinatumia milimita 5 au 6, kubwa zaidi zinakwenda 7 au 8. Usipime mwisho wa mpira wa zamani kwa sababu umeshatanuka. Ukipima hapo utanunua mpana na utavuja siku hiyo hiyo. Kata kipande cha katikati uende nacho dukani. Kama pikipiki hiyo hiyo ndiyo inayokupeleka kwenye maduka ya spea ya Kariakoo au Gerezani, mtajie muuzaji aina ya pikipiki, kisha mwombe aujaribu mpira kwenye koki mpya ya aina hiyo aliyonayo kabatini. Unatakiwa uingie kwa kusukumwa. Ukiingia wenyewe ni mpana, ukigoma kabisa ni mwembamba.

Mpira wa petroli huwa umechapwa maandishi ubavuni: saizi yake, neno FUEL, na mara nyingi kiwango kama SAE J30. Usiokuwa na maandishi yoyote usiuamini kwa maneno ya muuzaji. Utazame pia unene wa ukuta wake. Ukuta mwembamba unajikunja kwenye kona na kuziba njia ya mafuta.

Sasa ule mweupe. Ipo mipira myeupe iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, nayo ni mizuri. Lakini mingi inayouzwa kwa mita mitaani ni ile mafundi ujenzi wanayotumia kupimia usawa wa ukuta kwa maji, na wengine wanaweka hata mpira wa dripu. Hiyo ilitengenezwa kwa maji. Petroli inanyonya kile kinachoufanya uwe laini, unageuka njano, unakakamaa, na siku moja unachomoka wenyewe. Kama una shaka, kata kipande kidogo, kipime urefu, kitumbukize kwenye petroli ndani ya kopo lenye mfuniko, ukiweke nje mbali na moto mpaka kesho yake. Kikivimba, kikirefuka au kikitoka kigumu, mpira huo haufai.

Kuhusu klipu, nunua za springi, zile unazobana masikio yake mawili kwa plaizi zikatanuka. Klipu ya skrubu nayo inafanya kazi, ila anayeanza huikaza kupita kiasi ikakata mpira. Waya wa kufungia nondo usiutumie kabisa. Unabana sehemu moja na kuacha nyingine, halafu unazama kwenye mpira taratibu hadi unautoboa.

Mahali pa kufanyia kazi

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, unatambaa chini na unaweza kufika kwenye moto ulio mbali na pikipiki. Kwenye nyumba zetu za uani hili ni jambo kubwa, maana kuna jiko la mkaa la jirani, kuna anayechoma vitumbua barazani, kuna mtungi wa gesi jikoni. Usifanye kazi hii uani wakati watu wanapika, wala kijiweni pembeni ya jiko la mama ntilie. Tafuta sehemu ya wazi yenye upepo. Sigara hapana, na watoto wakae mbali.

Petroli ikishika moto usimwagie maji, itaelea juu yake na kusambaa. Tumia mchanga au kizima moto cha unga. Namba ya Zimamoto ni 114, iwe kwenye simu yako hata kama hutafanya kazi hii leo.

Kazi yenyewe

1. Acha injini ipoe kabisa. Muda mzuri ni asubuhi kabla pikipiki haijatoka. Isimamishe kwenye stendi kubwa mahali tambarare, kisha toa waya wa hasi wa betri ili kusitokee cheche.

2. Piga picha kwa simu, pande zote mbili. Picha ionyeshe mpira unapita wapi, filta imekaa vipi na mshale wake unaelekea wapi. Unadhani utakumbuka, lakini ukishatoa vitu vitatu mikono ikiwa na petroli hutakumbuka. Ukimaliza, simu iweke pembeni.

3. Funga koki. Geuza mkono wake uende kwenye OFF. Ukikuta koki yako haina OFF, ina ON, RES na PRI, hiyo ni koki ya kuvutwa na injini. Iache kwenye ON. Injini ikiwa imezimwa haipitishi mafuta. Usiiweke kwenye PRI, hapo inamwaga tu. Koki ya namna hii ina mipira miwili: mnene ni wa petroli, mwembamba unakwenda upande wa injini kuleta mvuto wa hewa. Badilisha yote miwili, kila mmoja kwa saizi yake.

4. Hakikisha koki imefunga kweli. Sogeza klipu ya upande wa kabureta, chomoa mwisho huo wa mpira, uuelekeze kwenye dumu. Mafuta yaliyo ndani ya mpira yatatoka kisha yatakata. Yakiendelea kudondoka ujue koki imekufa. Hapo acha mafuta yote ya tanki yashukie kwenye dumu kwanza, na koki iingie kwenye orodha ya vitu vya kununua. Hapa nasisitiza mambo mawili. Usinyonye petroli kwa mdomo kwa namna yoyote ile, ikikupalia inaingia kwenye mapafu na inaua. Mtu akiimeza msimlazimishe atapike, mpelekeni hospitali. La pili, usiihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Chupa ikikaa mezani mtoto hatauliza.

5. Angalia kama unafikia koki vizuri. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii mkono unaingia kwa upande wa kushoto bila kutoa tanki. Ukiona unalazimisha, toa siti, fungua bolti ya nyuma ya tanki, chomoa waya wa geji kama upo, kisha vuta tanki nyuma huku unainua. Kazi inaongezeka kidogo, lakini hiyo ni bora kuliko kupindisha mdomo wa koki.

6. Toa mpira wa zamani. Usiuvute kwa nguvu wala usiuzungushe kwa plaizi. Mpira uliokauka umegandana na mdomo wa koki, na mdomo wa kabureta ni wa chuma laini uliopachikwa tu. Ukiukunja au ukiulegeza umenunua kabureta. Sogeza klipu nyuma, kisha upasue mpira kwa wembe kwa urefu, kidogo tu, ukiinamisha wembe ili usikwaruze mdomo ulio ndani. Ukishafunguka, umenye kwa vidole.

7. Safisha midomo yote miwili kwa tambara kavu na uikague. Mabaki ya mpira yaliyogandia yatoe kwa ukucha au kijiti. Usitumie msasa wala kisu. Mkwaruzo unaokwenda kwa urefu wa mdomo ni njia ya petroli, na klipu haitauziba. Ziba mdomo wa kabureta kwa kipande cha tambara safi wakati unaendelea, uchafu usiingie.

8. Pima na ukate mpira mpya. Laza wa zamani pembeni ya mpya. Kama wa zamani ulikuwa umenyooka kwa kuvutwa, ongeza sentimita mbili. Kata mara moja kwa wembe, mkato uwe umenyooka. Mkato wa mshazari haukai sawa kwenye mdomo. Ukishakata, pitisha petroli kidogo ndani ya mpira na uimwage kwenye tambara. Vumbi la mpira linalotoka hapo, ukiliacha, ndilo litakalokwama kwenye sindano ya boya, ile inayofunga mafuta bakuli la kabureta likijaa.

9. Vika klipu kwenye mpira kwanza. Kila anayeanza anaisahau, anasukuma mpira mpaka mwisho, anaridhika, halafu anaiona klipu chini.

10. Lainisha mwisho wa mpira kwa kuuchovya kwenye maji ya moto ya chupa ya chai kwa muda mfupi, ufute maji yote hadi ndani, kisha usukume kwenye mdomo wa koki wakati bado una joto. Kiberiti kisikaribie hapa, hata kama umeona fundi akifanya. Mdomo una nundu karibu na ncha yake. Mpira lazima uipite nundu hiyo na uende mpaka mwisho.

11. Weka klipu mahali pake. Pake ni nyuma ya nundu, kati ya nundu na shina la mdomo. Ikikaa juu ya nundu yenyewe itateleza, na ikikaa ukingoni kabisa mwa mpira itachomoka. Masikio yake yaelekee upande utakaoweza kuyafikia kwa plaizi siku nyingine.

12. Jaribu mtiririko kabla ya kufunga upande wa chini. Mwisho wa mpira ukiwa ndani ya dumu, fungua koki kwa muda mfupi. Petroli itoke kwa mstari usiokatika. Ikidondoka matone, tatizo liko juu, kwenye chujio la koki au mfuniko wa tanki, na ni afadhali ulijue sasa. Koki ya kuvutwa na injini unaijaribu kwa kuiweka PRI kidogo, kisha unairudisha ON.

13. Kama kuna filta, iweke sasa. Mshale ufuate mafuta yanakokwenda, yaani kuelekea kabureta. Ikae sehemu iliyo chini ya koki, isiguse bloku ya injini. Chagua filta ya pikipiki za kabureta. Ile ya gari la pampu ina karatasi nzito, na mafuta yanayoshuka kwa uzito wake tu yanapita humo kwa shida.

14. Pitisha mpira na uufunge kwenye kabureta. Njia yake yote iwe ya kuteremka. Ukifanya kitanzi kinachopanda kisha kushuka, hewa itakaa juu ya kitanzi na mafuta yatakatika safarini. Usiguse bomba la moshi wala kichwa cha injini, na usibanwe chini ya tanki. Kama ulilitoa, lirudishe tanki na utazame tena, maana mpira uliokaa vizuri bila tanki unaweza kukunjika likikaa.

15. Fungua koki, injini ikiwa bado imezimwa. Kabureta itajaa. Futa viungo vyote vikauke, subiri dakika 10, kisha zungushia kipande cha tishu kavu kwenye kila kiungo. Tishu inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Ikitoka kavu pande zote, rudisha waya wa betri, ondoa matambara yenye petroli mbali, sukuma pikipiki hatua kadhaa kutoka pale palipomwagika mafuta, ndipo upige kiki.

16. Iache iungurume mpaka ipate moto, uzime, upime tena kwa tishu. Zunguka mtaani bila abiria, urudi upime mara ya tatu. Kesho yake asubuhi, kabla ya kutoka, kagua mara moja zaidi. Mpira mpya unatulia baada ya kupata joto, na mvujo mdogo mara nyingi unajitokeza hapo.

Mipira mingine usiichanganye

Kabureta ina mipira midogo mingine inayoning'inia. Mmoja ni wa kumwaga mafuta yanapozidi kwenye bakuli lake, mwingine ni wa kupumulia. Ukiiona imepasuka ibadilishe pia, ila iache wazi mwisho wake, na ielekee chini nyuma ya injini, mbali na bomba la moshi na mnyororo. Watu wengi mpira wa kumwagia ukianza kudondosha petroli wanauziba kwa bolti. Hiyo ni hatari. Mafuta yanayokosa njia hapo yanaingia ndani ya injini, yanachanganyika na oili na kuifanya nyepesi, na injini inasagika.

Kwenye pikipiki za mipigo miwili (two-stroke) kama AG100 kuna mpira mwingine unaotoka kwenye tanki dogo la oili kwenda kwenye pampu yake. Huo si wa petroli. Ukiufungua, hewa inaingia, na usipoitoa injini itazunguka bila oili mpaka igande. Kama hujawahi kutoa hewa kwenye pampu ya oili, huo mwachie fundi.

Ikikataa baada ya kubadilisha

Inavuja kwenye kiungo. Toa klipu uangalie kama mpira umepita nundu. Kama umepita na bado unavuja, ama mpira ni mpana ama mdomo una mkwaruzo. Kuongeza klipu ya pili hakutasaidia. Mpira mpana unarudishwa dukani. Koki yenye mkwaruzo inabadilishwa.

Haiwaki kabisa. Koki iko OFF, au waya wa betri haujarudi, au kabureta bado haijajaa. Kwa koki ya kuvutwa na injini, iweke PRI kwa dakika moja kisha irudishe ON, maana kabureta ikiwa tupu injini haizunguki ya kutosha kuivuta.

Inawaka vizuri, inazima baada ya kilomita chache, ukiisimamisha kidogo inawaka tena. Hili ndilo la yule wa Ubungo. Tazama kwanza kama mpira umejikunja au una kitanzi. Kama uko sawa, ikizima tena, simama pembeni ya barabara na ufungue mfuniko wa tanki. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na pikipiki ikawaka mara moja, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Lisafishe kwa waya mwembamba na upulize. Mfuniko wa bandia usio na tundu ubadilishe.

Inamisi ukivuta mafuta kwa kasi lakini taratibu inakwenda. Mafuta hayatoshi. Shaka ya kwanza ni filta, kwa kugeuzwa au kwa kuwa nzito. Ya pili ni chujio la koki lililojaa kutu ya tanki, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyokaa masika nzima nje.

Filta haijai, nusu ni hewa. Kama pikipiki haikatiki mafuta, iache. Si ugonjwa.

Petroli inatoka kwenye mpira wa kumwagia. Takataka imekaa kwenye sindano ya boya, mara nyingi ni vumbi la mpira ambao haukusafishwa kwenye hatua ya 8. Funga koki, weka dumu chini, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta mafuta yatoke, ikaze, fungua koki tena. Ikiendelea, gonga bakuli kidogo kwa mpini wa bisibisi. Isipokoma hata hapo, kabureta ifunguliwe isafishwe.

Harufu ipo lakini hakuna kiungo kilicholowa. Panda juu zaidi: gaskiti ya koki pale inapokutana na tanki, mfuniko wa tanki, na gaskiti ya bakuli la kabureta. Zungushia tishu kavu kila sehemu kwa zamu.

Mpira mpya umekuwa mgumu au umevimba ndani ya wiki chache. Haukuwa wa petroli, hata kama ulikuwa na maandishi. Utoe leo hii, usisubiri uvuje, na safari hii kipande cha majaribio kilale kwenye petroli kwanza kabla ya kununua nusu mita.